Gumbo Yenye Nyuzi

Kwa miaka thelathini Philonise Papillion alishika mkia katika mashindano ya kanisa letu hapa L'Anse Pacane ya kupika gumbo, mchuzi wetu mzito wa kuku na soseji, na miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Mtu akitaka kujua kushindwa kuna ladha gani, aje aniulize mimi Leola. Nitamweleza kinagaubaga.

Asije mtu akadhani Philo hakujua kupika. Aliwapikia watoto wa shule yetu mpaka akastaafu, na wapo watu wazima wenye mvi ambao hadi leo wakikutana naye dukani wanamuulizia wali wake na maharage ya Jumatatu. Ule unga wa kukaanga kwa mafuta, ambao ndio mwanzo wa gumbo yoyote ya maana, aliusimamia dakika arobaini bila kubandua macho, akikoroga mpaka ukawa na rangi ya kahawa iliyokolea, na sijauona ukiungua hata siku moja. Kuku alichagua tembe aliyekwisha choka kutaga, maana vifaranga havina mchuzi. Soseji alizikausha kwa moshi mwenyewe nyuma ya nyumba. Mpaka hapo hakuna mtu parokia nzima aliyemfikia. Halafu pale mwisho kabisa, kwa makusudi, anaharibu kila kitu.

Alikuwa anaharibu kwa filé. Filé ni majani ya msasafrasi yaliyoanikwa na kutwangwa yakawa unga wa kijani, na hutiwa chunguni ili mchuzi uwe mzito. Sharti lake ni moja, na kwetu mtoto hulijua kabla hajaijua Salamu Maria: zima moto kwanza. Ukiitia mchuzi ukiwa unachemka, inavutika nyuzi kama mlenda, na hapo hata mbwa atakula kwa kukuonea haya. Philo aliimimina mchuzi ukitokota. Kila mwaka. Waamuzi walikuwa wanainua vijiko, uzi unaning'inia toka bakulini mpaka kwenye kidevu, wanatazamana, kisha wanaandika alama zao kwa adabu na kuuliza maji ya kunywa.

Sababu niliijua, kwa kuwa nilikua nyumba ya jirani. Mama yake Philo, Bi Elodie, alikuwa mpishi kwa tajiri mmoja mwenye kinu cha mpunga, anatoka alfajiri na kurudi miguu imevimba. Jioni moja ya Novemba alisahau kuzima moto, akatia filé, chungu kizima kikawa nyuzi tupu. Alikaa chini akitaka kulia. Mumewe akachota kijiko, akakiinua taratibu, uzi ukapanda naye mpaka akasimama juu ya kiti, uzi bado. Mabinti zao wawili, Clothilde na mdogo wake Philo, wakacheka mpaka wakamwaga chakula. Tangu siku hiyo hawakutaka gumbo nyingine. Ilikuwa lazima Bi Elodie akosee makusudi, wao washindane nani atavuta uzi mrefu, na mimi niliyealikwa kula nikae pembeni nikishangaa watu hawa.

Kisha Clothilde akavuka. Sisi tunasema hivyo, kuvuka, na hatuna haja ya kuongeza. Clothilde alikuwa na rangi ya bibi yao, mweupe wa kukuchanganya, na Philo alikuwa na rangi ya baba yake, mweusi kama mimi. Enzi zile mlango wa mbele wa kila duka ulikuwa na wenyewe, wazungu, nasi tulipita nyuma, na Clothilde akituongoza kupita nyuma watu walikuwa wanamwambia amekosea njia. Akiwa na miaka ishirini alipanda treni kwenda Los Angeles akiwa mmoja wetu, akashuka akiwa mmoja wao. Baada ya miaka mitano ilikuja barua moja. Philo alinisomea, haikuwa ndefu: niko salama, nimeolewa, nina mtoto wa kike, msiniandikie nawaomba. Nyuma ya bahasha palikuwa na anwani. Bi Elodie alikufa akiwa na barua ile chini ya mto, na mimi sikumsamehe Clothilde, nasema wazi. Philo hakuwa na la kusamehe. Yeye alimkosa tu dada yake, asubuhi na jioni, kwa miaka sitini na tano.

Kwa hiyo yalipoanzishwa mashindano, na watu wetu walioko California wakawa wanarudi kila Novemba kuyahudhuria, Philo alijiandikisha siku ya kwanza.

"Akija siku moja hatauliza mtu," aliniambia. "Ataona aibu kuuliza. Atapita anaonja tu. Akikuta nyuzi, atajua tupo."

"Na asipokuja?"

"Basi nitakuwa nimepika."

Nilishika mwiko.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Philo ana miaka themanini na miwili, magoti hayamtii, na mwanawe amemtafutia chumba nyumbani kwake Houston. Nyumba ya Bi Elodie ilikuwa imekwisha pata mnunuzi. Wiki ya Watakatifu Wote tulikwenda makaburini kupaka chokaa kama kawaida, Philo akapaka kaburi la mama yake akiwa amekaa kwenye ndoo, akaniambia, "Jumamosi ndiyo basi, Leola." Nikasema ndiyo. Moyoni nikasema, basi hutaondoka hapa ukichekwa.

Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani tulipowasha jiko letu la gesi Jumamosi ile kwenye uwanja wa kanisa. Vyungu vilikuwa kumi na vinne. Jirani yetu, kama kawaida, alikuwa Ursin, mdogo wa marehemu mume wangu, bingwa mara sita, mwenye aproni iliyoandikwa jina lake kana kwamba angelisahau.

"Shemeji," akaanza kabla hata sijafunga kitambaa kichwani, "mwaka huu mmekuja na sindano? Maana nyuzi tunajua zipo."

"Angalia bamia zako, Ursin. Zinateleza kuliko ahadi zako."

"Gumbo bila bamia ni mchuzi tu. Jina lenyewe ni la bamia. Babu zetu kule Afrika walikotolewa ndivyo walivyoiita bamia, gombo. Nyinyi mnatembea na jina la wenzenu."

"Na Wachoktaw, wenyeji wa asili waliotufundisha filé, walikuwa wanapika nini? Viatu?"

"Walikuwa wanazima moto kwanza," akasema Ursin, na meza zote zikacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, ndiyo ubaya wa Ursin.

Bwana mmoja kutoka New Orleans, aliyekuwa amepanga chungu cha tatu toka kwetu, akajiingiza kwa upole kwamba wao kwao hutia na nyanya. Ursin akamtazama, nami nikamtazama.

"Hiyo ni supu ya tambi, ndugu," akasema Ursin. "Hizo tambi umezisahau kwenye gari?"

"Mwache, shemeji," nikasema. "Kila mtu na malezi yake." Ndiyo mara pekee katika maisha yangu niliyowahi kukaa upande mmoja na Ursin.

Philo hakushiriki. Kila mwaka, ikibaki nusu saa waamuzi wapite, alikuwa anachukua kiti chake cha kukunja kwenda kukaa langoni, kutazama magari yanavyoingia. Anasoma namba. Akiona za California anainuka kidogo. Siku hiyo pia aliifuta mikono yake, akanipa mkebe wa filé, ile ya mti ulio nyuma ya nyumba ya mama yake, aliyoichuma Agosti siku ya Mama Maria kupalizwa mbinguni kama inavyopaswa.

"Ikichemka vizuri, mimina," akaniambia. "Usiogope moto."

"Sawa."

Nikamwangalia akienda na fimbo yake na kiti chake. Mchuzi ukachemka. Ulikuwa mzuri kupita miaka yote, mweusi, mafuta yametulia pembeni, harufu yake inakuita kwa jina. Nikafikiria mkebe ule, nikafikiria Houston, na watu watakavyomkumbuka hapa: yule bibi wa mlenda. Nikainama nikazima gesi. Nikasubiri mapovu yatulie yote, mpaka uso wa mchuzi ukawa kama kioo. Ndipo nikatia filé, nikikoroga pole pole. Haikutoka nyuzi hata moja. Ilikuwa gumbo ambayo angeweza kuipika siku yoyote katika miaka thelathini kama angetaka.

Philo aliporudi alishika upawa, akachota, akauinua. Mchuzi ukadondoka matone, tap, tap, kama mchuzi wa watu wengine. Akauinua tena.

"Leola. Umezima moto."

"Nimezima. Mara hii moja, Philo. Uondoke na heshima yako."

Nilijiandaa kutukanwa. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kiti, upawa bado mkononi, akautazama uwanja uliojaa watu.

"Sasa atajuaje?" akauliza.

Waamuzi walikuwa wamekwisha fika mezani kwetu na vijiko vyao. Walionja. Mmoja akafumba macho. Wa pili akaomba tena, jambo ambalo kwetu halijawahi kutokea, na hakuomba maji.

Tulishinda. Padri alitangaza kwa kipaza sauti, Philonise Papillion, nafasi ya kwanza, na uwanja mzima ukasimama. Ursin alivua kofia akaiweka kifuani, na nikaona anafanya kwa dhati. Philo akapewa upawa uliopakwa rangi ya dhahabu. Aliushika kwa vidole viwili kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake mzigo kidogo, akashukuru, akarudi kukaa. Watu wakatuvamia na mabakuli, chungu chetu kikawa kinakwanguliwa, na mimi niliyeitamani siku ile miaka thelathini nilikuwa nagawa chakula nikitaka kulia. Nilikuwa nimempa kitu ambacho hakukiomba na kumnyang'anya kile alichokuwa nacho.

Ursin akaja na bakuli lake.

"Nipakulie, bingwa. Halafu nikuchekeshe. Kuna mama wa kizungu anazunguka hapa tangu saa sita, anaonja kila chungu, anauliza kama tuna noniz."

"Tuna nini?"

"Noniz. Nimemwambia mama, hicho mimi sikijui, labda kamuulize daktari. Maskini, akaniambia asante, akaondoka. Anasema ni supu fulani ya..."

Sikumsikiliza mpaka mwisho. Upawa ulinidondokea chunguni. Hapa L'Anse Pacane watu wote humwita Bi Philo, na watoto aliowapikia walimwita Bi Papillion. Lakini kabla ya hapo, katika nyumba ile moja, alikuwa na jina lingine. Nililisikia utotoni kila jioni, Clothilde akisimama kibarazani akimwita mdogo wake arudi kutoka mashambani: Nonise, ee Nonise. Waliolijua walikuwa wamelala kule kwenye chokaa. Nilibaki mimi.

"Ameelekea wapi?"

"Nani?"

"Huyo mama, Ursin. Ameelekea wapi?"

"Kwenye magari. Shemeji, kulikoni, mbona..."

Nina miaka sabini na tisa na sikimbii, lakini siku ile nilifanya kitu cha jamii hiyo. Nilimkuta anafungua mlango wa gari. Mama wa miaka sitini na kitu, nywele fupi, sweta ya bluu. Nilitaka kumwita, pumzi hakuna. Nikagonga gari lake kwa kiganja.

"Samahani, mama," nikasema nilipoweza. "Ulikuwa unatafuta nini?"

Akatabasamu kwa haya. "Labda nalitamka vibaya. Noniz. Ni supu aliyokuwa anapika mama yangu, kila Novemba, baba akiwa safarini. Anafunga mapazia kwanza. Ya kahawia hivi, ina nyuzi. Nimeonja vyungu vyote kumi na vinne. Ni vitamu, tena sana. Lakini hakuna chenye nyuzi."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Alikuwa anaitwa Claudia. Tulimzika Machi."

Kumbe Clothilde alivuka hata na jina. Ningependa kusema nilimwonea huruma huyo mgeni aliyefiwa, lakini nilichowaza ni kiti cha kukunja pale langoni.

Marlene, ndivyo alivyojitambulisha, akatoa bahasha kubwa ndani ya gari. Ndani yake mlikuwa na matangazo ya mashindano yetu, yale ya karatasi ya njano ambayo padri hugawa baada ya misa. Yalikuwa thelathini na moja, yamefungwa kwa utepe wa cherehani.

"Aliyaweka chini ya vitambaa vyake vya kushonea," akasema. "Hayana barua wala jina la aliyetuma. Nilidhani ni karatasi tu. Halafu mwezi uliopita, naisafisha nyumba yake, likaja jingine. Nikasema basi yupo mtu mahali anayemsubiri mama yangu."

"Yupo," nikasema. "Njoo. Usiniulize kitu, njoo tu."

Njiani nilimwambia ukweli wangu, kwamba nyuzi alizozitafuta zilikuwepo miaka yote na mimi ndiye niliyeziondoa leo. Sijui kama alinielewa. Alikuwa anatazama mbele.

Philo alikuwa mahali pale pale, upawa wa dhahabu umelala kwenye majani karibu na mguu wake. Chunguni yalibaki kama mabakuli mawili, na mifupa. Sikumweleza kitu. Niliwasha gesi, nikaongeza maji kidogo, nikangoja mpaka ikatokota kwa nguvu. Kisha nikamwekea mkebe mapajani.

"Mimina, Philo. Moto unawaka."

Alinitazama. Akamtazama yule mwanamke wa sweta ya bluu aliyesimama nyuma yangu na karatasi za njano mkononi. Macho yake yakakaa kwenye zile karatasi.

"Aliniambia nisimwandikie," akasema pole pole, kama anayejitetea. "Sikuandika neno. Nilitia tangazo tu kwenye bahasha."

Akainuka, akamimina filé yote iliyobaki. Ursin akasogea na bakuli lake kutazama. Mchuzi ukashikana, ukavutana, ukawa nyuzi. Philo akampa Marlene kijiko.

Marlene alichota. Akakiinua taratibu, uzi ukapanda, akanyoosha mkono juu ya kichwa, akasimama kwa ncha za vidole, mwanamke mzima mbele ya parokia nzima, uzi bado haujakatika. Na alipofika juu kabisa akasema lile neno kama lilivyosemwa nyumbani kwao madirisha yamefungwa, kwa kuliimba kidogo, kama mtu anayemwita mtoto kutoka shambani.

"Noniz."

Uzi ukakatika.

"Alisema hivyo kila akivuta," Marlene akasema. "Sisi watoto tulijua ndilo jina la chakula."

"Ni jina langu," akasema Philo.

Aliweka kiganja kwenye shavu la Marlene, akamgeuza uso upande huu, kisha upande ule, akiutafuta uso mwingine. Akauona, maana alianza kutabasamu, na tabasamu lile sikuwahi kuliona tangu tulipokuwa wasichana. Akajipangusa mikono kwenye aproni. Akaweka sawa kitambaa chake kichwani. Kisha akachungulia nyuma ya bega la Marlene, kule kwenye magari.

"Anaona aibu, eti?" akauliza. "Mwambie hakuna mwenye hasira naye hapa. Mwambie ashuke, kimebaki kidogo."

Marlene akafungua mdomo, akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa nalijua jibu tangu kule kwenye gari, na nilikuwa nimelibeba njia nzima bila kulisema. Nikainama, nikazima moto.